Mgeni Ndani ya Gunia

Mazungumzo kwa wakazi wa kata za Musoma, Bunda na Butiama kuhusu nafaka inayotoka nje, na ulinzi wa ghala na shamba

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Yupo, hata hivyo, mgeni mmoja aliyeingia Tanzania zaidi ya miaka 40 iliyopita, na tangu siku hiyo mwenyeji hajapona. Hakuna aliyemwalika, wala hakuna aliyemwona akivuka. Alikuja amejificha ndani ya nafaka, akashushwa pamoja na magunia, akaingizwa ghalani kwa mikono ya watu walioshukuru kupata chakula. Leo jina lake linafahamika kwa kila mkulima wa mahindi na muhogo, kuanzia Majita hadi Nyamuswa, na kutoka Kiabakari hadi Kibara. Jina hilo ni dumuzi.

Habari ya mdudu huyu ndiyo kiini cha mazungumzo haya, kwa sababu inafundisha jambo jepesi kulisema na gumu kulishika. Mdudu, gugu au ugonjwa unaosafiri na nafaka huzuiliwa kabla haujaingia. Ukishaingia, gharama yake hailipwi na aliyeuleta, bali hulipwa na kila kaya, kila msimu, bila kikomo.

JINSI DUMUZI ALIVYOFIKA

Asili ya dumuzi si Afrika. Kwao ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, ambako aliishi katika mahindi na katika miti ya porini, pamoja na maadui wake wa asili. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Mkoa wa Tabora walianza kuona jambo wasilolizoea: mahindi waliyoyahifadhi yakiwa bado kwenye magunzi yaligeuka unga kabla ya msimu mpya wa kupanda. Fukusi walimfahamu tangu zamani, naye hula, lakini huacha kitu. Huyu hakuacha. Baadhi ya wakulima walimpa jina la Skania, kwa kumfananisha na yale malori makubwa yasiyozuilika barabarani. Mwaka 1981 ilithibitishwa kwamba ni mdudu wa Amerika, aliyekuwa amejipatia makazi mapya katika ardhi ya Afrika.

Inaaminika kwamba aliletwa na shehena ya mahindi kutoka ng'ambo. Hakuna aliyeweza baadaye kulionyesha kwa kidole gunia la kwanza, na hapo pana fundisho: mdudu wa namna hii hugunduliwa baada ya miaka, wakati gunia lenyewe limekwisha kuliwa na kusahauliwa. Mwaka 1983 alionekana Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Mwaka 1984 aliripotiwa Togo, mbali kabisa upande wa Afrika Magharibi, alikoingia kwa mlango mwingine. Safari zake ndefu hakuziruka kwa mabawa yake. Alibebwa na malori, mabehewa na viroba, kutoka soko moja kwenda jingine.

Mwenye swali atauliza: kwa nini hakuangamizwa mapema? Nchini Marekani, katika jimbo la California, mdudu mwingine wa maghala aitwaye khapra aligunduliwa mwaka 1953. Maghala yalifunikwa kwa maturubai na kufukizwa moja baada ya jingine, na kazi ile ilichukua zaidi ya miaka 10 hadi kukamilika. Iliwezekana kwa kuwa khapra ni mdudu wa ghalani, na ghala linaweza kufunikwa. Dumuzi ni wa aina nyingine. Huishi ghalani na huishi porini pia, ndani ya miti mikavu. Ghala laweza kufukizwa; pori haliwezi. Ndiyo maana baada ya kuenea kwake hapakubaki njia ya kumng'oa, ila njia za kuishi naye kwa tahadhari. Miaka ya 1990 mdudu mwingine mdogo, adui wake wa asili kutoka Amerika, alifunguliwa Togo, kisha Kenya, na baadaye Tanzania ili ampunguze. Alisaidia kwa kiasi, lakini hakuiondoa haja ya kulinda ghala.

HASARA YAKE KATIKA HESABU YA KAYA

Vipimo vilivyofanywa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mahindi yaliyohifadhiwa na magunzi yake kwa miezi 3 hadi 6, vilionyesha upotevu wa uzito wa takribani asilimia 9 kwa wastani, na hadi asilimia 34 kwa kaya zilizoathirika zaidi.

Asilimia ni neno la vitabuni. Jikoni hesabu husomeka kwa siku. Ichukuliwe kaya iliyovuna magunia 10 ya kilo 100, ambayo hutumia kilo 3 za mahindi kwa siku. Asilimia 9 ya mavuno hayo ni kilo 90, yaani chakula cha mwezi mmoja. Asilimia 34 ni kilo 340, yaani chakula cha zaidi ya miezi mitatu. Kaya iliyovuna vya kutosha hujikuta sokoni ikinunua kwa bei ya kiangazi kile ilichokuwa nacho kwa wingi wakati wa mavuno.

Kwa wakazi wa Mara habari ya muhogo ni nzito zaidi, kwa kuwa ugali wa muhogo ndio nguzo ya meza katika kaya nyingi. Dumuzi huyala makopa na udaga kama anavyoyala mahindi. Majaribio ya miaka ya 1980 yalionyesha kwamba muhogo mkavu unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake kwa muda wa miezi 4 tu ghalani. Hata muhogo uliovundikwa kabla ya kukaushwa haukunusurika.

MILANGO YA MARA

Mkoa wa Mara una milango mingi. Barabara kuu huanzia mpakani Sirari, hupita Tarime, huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, hufika Makutano na kushuka hadi Bunda kuelekea Mwanza. Ziwani, mitumbwi na boti hutia nanga Mwigobero na katika mialo mingine mingi. Kutoka kusini na magharibi huja malori ya mahindi na mchele. Mvua zikiwa haba, nafaka ya nje hufuata njia hizo zote, na ni baraka kwamba hufuata.

Shehena inayovuka mpaka kwa njia halali hukutana na wakaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, ambayo makao yake makuu yapo Arusha. Mwenye shehena hutakiwa kupata kibali kabla ya kuingiza mazao, na mazao hayo hutakiwa kufika na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi yalikotoka. Utaratibu wa vyeti hivyo si uzushi wa ofisi moja. Unatokana na Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea wa mwaka 1951, ambao mataifa yalikubaliana baada ya kuumizana vya kutosha kwa magonjwa yaliyosafiri na biashara.

Mkaguzi hafanyi kazi yake kwa kusoma karatasi tu. Huchukua sampuli kwa bambo katika magunia ya juu, ya kati na ya chini, kwa sababu gunia la mlangoni mwa lori aghalabu ndilo zuri kuliko yote. Huchekecha, hutazama vumbi lililobaki, hukagua mishono ya gunia na sakafu ya gari. Nafaka isiyofungwa magunia, kama ngano inayoshushwa kutoka tumbo la meli katika bandari ya Dar es Salaam, huhitaji sampuli za vina mbalimbali, maana mdudu hapendi kukaa juu penye mwanga. Shehena yenye wadudu huweza kufukizwa, kurudishwa ilikotoka au kuteketezwa.

NJAA HAINGOJI CHETI

Hapa pana ukweli unaopaswa kusemwa bila kuzungusha maneno. Mfanyabiashara mdogo aliyekodi gari huhesabu kila siku ya kusubiri kuwa hasara. Mama mwenye watoto hapimi mahindi kwa cheti. Huyapima kwa debe na kwa fedha iliyofungwa kwenye pindo la khanga. Ndipo njia za panya hupata wateja. Gunia lililopita usiku huuzwa kwa bei nafuu kidogo, na unafuu huo huonekana kuwa msaada.

Lakini unafuu wa gunia moja ukilinganishwa na mwezi mmoja wa chakula unaopotea katika kila kaya, kila mwaka, mizani haisimami sawa. Waliopokea nafaka iliyomleta dumuzi hawakuwa wakosefu. Walikuwa na njaa. Wajukuu wao wangali wanalilipia gunia lile. Kwa hiyo hoja si kumzuia mwenye njaa asinunue chakula. Hoja ni kwamba chakula kinunuliwe mahali ambapo mtu amekwisha kukitazama, na kikifika nyumbani kitazamwe tena. Mpaka una wakaguzi wachache na kaya ni nyingi mno. Penye lango lisilo na mlinzi, mlango wa ghala ndio mpaka wa mwisho.

MAMBO YANAYOWEZEKANA NYUMBANI NA SOKONI

Jambo la kwanza ni kutazama kabla ya kulipa. Mnunuzi aombe gunia lifunguliwe, aingize mkono hadi chini, au muuzaji atumie bambo. Unga mwingi mwembamba kati ya punje, matundu ya mviringo yaliyo safi kana kwamba yametobolewa kwa sindano, na punje nyepesi zinazovunjika kwa kidole ni dalili za dumuzi. Mdudu mwenyewe ni mdogo, urefu wake milimita 3 hadi 4 na nusu, rangi yake kahawia iliyokolea, umbo lake kama kipande cha mche. Ukimtazama kutoka juu kichwa hakionekani, kwa kuwa kimeinamia chini, na sehemu yake ya nyuma ni kama imekatwa. Fukusi, kinyume chake, ana mdomo mrefu uliochongoka. Kuwatofautisha ni muhimu, kwa sababu dawa inayomtosha mmoja huenda isimtoshe mwingine.

Jambo la pili ni karantini ya nyumbani. Nafaka au makopa yaliyonunuliwa yasiingizwe moja kwa moja katika ghala lenye mavuno ya kaya. Yawekwe mbali, juu ya chaga, kwa muda wa wiki nne hivi, na yakaguliwe kila wiki. Wiki nne hazikutajwa kwa kubahatisha. Katika joto na unyevu vinavyomfaa, dumuzi hutoka kwenye yai hadi kuwa mdudu kamili kwa muda wa chini ya mwezi mmoja. Nafaka inayoonekana safi siku ya kununuliwa yaweza kuwa na mayai ndani ya punje, na karantini ndiyo inayoyaumbua. Kaya yenye chumba kimoja iweke gunia jipya kwenye kona ya peke yake, na iwe ndilo linaloanza kuliwa.

Jambo la tatu ni magunia. Kiroba kitupu kilichorudi kutoka sokoni hubeba wadudu katika mishono yake. Kichovywe katika maji yanayochemka na kuanikwa juani hadi kikauke. Kabla ya mavuno mapya, ghala lifagiliwe hadi kwenye nyufa, na takataka zake zichomwe. Masalia ya msimu uliopita yasichanganywe na mavuno mapya hata kama ni debe moja.

Jambo la nne ni namna ya kuhifadhi. Dumuzi hustawi zaidi katika mahindi yaliyo kwenye magunzi, kwa kuwa punje iliyoshikiliwa imara humpa mahali pa kujikita anapotoboa. Mahindi yapukuchuliwe mapema, yapepetwe na yakaushwe. Kipimo rahisi cha ukavu kinajulikana: punje chache huwekwa pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu na kutikiswa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Ikibaki inamwagika, yamekauka. Baada ya hapo mkulima anaweza kutumia mifuko ya kinga njaa yenye tabaka tatu, ambayo ikifungwa barabara hewa ya ndani huisha na wadudu hufa bila dawa yoyote. Anayetumia kiuatilifu cha unga anunue katika duka lililosajiliwa, asome maelekezo ya kipimo, na asitumie dawa ya pamba au ya mifugo kwa chakula.

Jambo la tano linahusu uhai. Vidonge vya kufukizia nafaka hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua wadudu na huua watu. Visitumike kamwe ndani ya nyumba wanamolala watu, wala chumba kinachopakana nayo. Kazi hiyo ni ya wafukizaji wenye leseni, katika ghala au chini ya turubai lililozibwa, kwa siku zilizowekwa, na nafaka huachwa ipigwe na hewa kabla ya kuguswa.

NAFAKA YA KULA ISIPANDWE

Hatari ya pili ya nafaka ya nje haiko ghalani, bali shambani. Mvua zinaponyesha ghafla, baadhi ya wakulima huchota mahindi au mtama ulionunuliwa kwa ajili ya chakula na kuupanda. Nafaka hiyo haikukaguliwa kama mbegu.

Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi unaokausha mmea ungali shambani uligunduliwa Bomet, Kenya. Mwaka uliofuata uliripotiwa Tanzania, katika maeneo ya Mwanza na Arusha. Ugonjwa huo husababishwa na virusi viwili vinavyokutana katika mmea mmoja. Huenezwa na wadudu, na kwa kiasi kidogo hupitia katika mbegu. Kiasi kidogo kinatosha. Mbegu chache zenye ugonjwa katika shamba moja huwapa wadudu mahali pa kuanzia, na jirani hupokea asichokipanda.

Hali kadhalika kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ambalo wakulima wa mtama wa Kanda ya Ziwa wanalijua kwa machozi. Mbegu zake ni laini kama vumbi, hushikamana na punje za mtama na kusafiri nazo bila kuonekana. Zikishaingia katika udongo huweza kuishi humo zaidi ya miaka 10 zikingoja mzizi wa kunyonya. Mtu anayepanda nafaka ya sokoni kwa kuokoa bei ya mbegu ya msimu mmoja huenda akaliachia shamba deni la miaka 10. Mbegu iliyothibitishwa, yenye lebo, si anasa; ni sehemu ya ulinzi wa kijiji kizima.

MPAKA HUFUNGWA KWA PANDE MBILI

Wafanyabiashara wa Mara hununua kutoka nje, nao pia huuza nje. Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Zuio hilo lililegezwa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: wafanyabiashara wasajiliwe, na mahindi yawe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 katika bilioni moja.

Sumukuvu hutokana na ukungu katika nafaka isiyokauka, na matundu ya wadudu huufungulia ukungu huo njia. Haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 kati yao walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo punje iliyobadilika rangi au yenye harufu ya uvundo isisagwe kwa kuchanganywa na nzuri, wala isipewe mifugo. Mkulima anayekausha vizuri analinda watoto wake kwanza, na soko la Sirari baadaye.

WA KUMWENDEA

Mkazi atakayeona katika nafaka mdudu asiyemfahamu, au shambani ugonjwa asiouzoea, asimtupe mdudu wala asing'oe mmea na kuuhamisha. Wadudu wachache wawekwe katika chupa yenye kifuniko, iandikwe tarehe na mahali nafaka iliponunuliwa, na chupa ipelekwe kwa Afisa Ugani wa kata au kijiji. Asipopatikana, Mtendaji wa Kijiji, Mtaa au Kata apewe taarifa, ili ifikishwe Halmashauri na kwa wakaguzi wa afya ya mimea. Wenye mashine za kusaga na wenye maghala ya kukodi wana nafasi ya pekee, kwa kuwa nafaka ya watu wengi hupita mikononi mwao. Jicho lao ni sawa na kituo cha ukaguzi.

Anayeleta taarifa asiogope kwamba anamchongea mwenzake. Dumuzi alienea kwa sababu walioona unga chini ya kihenge walidhani ni balaa la nyumba yao peke yao, wakafagia na kunyamaza. Laiti unga ule wa kwanza ungepelekwa mahali pa kuulizwa, huenda historia ya maghala ya nchi hii ingekuwa nyingine.

Ndugu wakazi, msimu wa upungufu utakuja tena, maana ndivyo mvua zilivyo, na magunia kutoka mbali yatashushwa tena Bunda, Musoma na Butiama. Yapokelewe kwa furaha, kwa kuwa chakula ni uhai. Lakini kabla gunia halijavuka kizingiti cha ghala, lifunguliwe, na mkono uingie hadi chini.